Rangi za laikeni na uyoga zinazouzwa Nakuru: ipi inashika sufu, ipi ni sifa za lebo tu

Kifurushi hiki kinauzwa shilingi 2,400 kwenye kibanda cha nyuzi mjini Nakuru, na muuzaji hukituma kwa matatu hadi Kisumu, Kakamega na Eldoret. Ndani mna chupa ya nusu lita ya maji ya zambarau, gramu 100 za laikeni ya majani ya kijivu, gramu 50 za ndevu za miti, gramu 100 za uyoga wa chungwa uliokaushwa, gramu 50 za unga wa uyoga wa mpira, gramu 50 za shabu (chumvi ya kushikisha rangi kwenye uzi) na kijipakiti cha mrututu (sulfeti ya shaba). Lebo inadai mambo matatu: rangi ni asilia, haichujuki, na inashika kila kitambaa. La kwanza ni kweli. La pili ni kweli kwa pakiti mbili. La tatu si kweli hata kidogo, na hapo ndipo mnunuzi anapopoteza pesa zake.

Tumezipima zote kwa uzi wa sufu ya kondoo wa Molo, mweupe, uliooshwa hadi mafuta ya kondoo yakaisha. Hatua hii ya kuosha haimo kwenye maelezo ya kifurushi, na bila hiyo hakuna rangi itakayoingia sawasawa. Loweka uzi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kwa saa nzima, suuza, kisha uutie kwenye rangi ukiwa bado mbichi. Uzi mkavu hunyonya rangi mabaka mabaka.

Kwanza tuelewane kuhusu laikeni yenyewe. Ni ule ukoko wa kijivu, kijani au wa njano unaoganda kwenye magome, mawe na mapaa ya vigae. Si mmea. Ni kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja: kuvu hushika maji na kujenga umbo, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Asidi zinazotupa rangi hutengenezwa na upande wa kuvu, na nyingi hazina rangi yoyote mpaka zichemshwe au zikutane na amonia na hewa. Ndiyo maana rangi ya kitu kikavu kwenye pakiti haikuambii utapata nini kwenye uzi. Laikeni ya kijivu isiyovutia hata kidogo hutoa zambarau, ilhali uyoga mwekundu wa kupendeza unaweza kukuachia maji ya hudhurungi iliyopauka.

Chupa ya zambarau ndiyo roho ya kifurushi. Ikinunuliwa peke yake ni shilingi 900, na kazi iliyomo inastahili bei hiyo. Hii ni rangi kongwe ya Mediterania na Ulaya, na malighafi yake iliwahi kuwa bidhaa ya pwani yetu: katika karne ya 19 laikeni ya aina ya Roccella ilisafirishwa kwa meli kutoka Zanzibar kwenda kwa wapiga rangi wa Ulaya. Laikeni za jamii hiyohiyo ndizo zilizotengeneza litimasi ya maabara za shule. Muuzaji anasema yake imetoka pwani, na vipande vilivyobaki chini ya chupa vinakubaliana naye: ni utepe mwembamba wa kijivu, si jani pana.

Ndani ya Roccella mna eritrini na asidi ya lekanoriki. Ukiziloweka kwenye amonia huvunjika na kutoa orsinoli, kitu kisicho na rangi. Orsinoli ikipata amonia na oksijeni kwa pamoja hugeuka orseini, mchanganyiko wa rangi kadhaa za zambarau na nyekundu. Neno la kushika hapo ni oksijeni. Anayetengeneza mwenyewe husaga laikeni, huiweka kwenye mtungi wa kioo, hutia sehemu moja ya amonia ya dukani kwa sehemu mbili za maji, na huacha nusu ya mtungi ikiwa tupu ili hewa ipate nafasi. Mtungi hutikiswa mara kadhaa kila siku katika wiki za mwanzo, na kifuniko hufunguliwa kila mara ili hewa ibadilike. Baada ya wiki 3 au 4 rangi inatosha kutumika; ikifika miezi 3 huwa imekolea vizuri zaidi. Mtungi uliojazwa hadi mdomoni na kusahauliwa hubaki kahawia kama ulivyoanza, na mtu hudhani laikeni ilikuwa mbaya kumbe ilikosa hewa. Zamani kazi ya amonia ilifanywa na mkojo uliochacha, jambo ambalo majirani wa siku hizi hawatalivumilia.

Kasoro ya chupa ni kwamba haina tarehe. Chupa mbili za siku moja zinaweza kutofautiana sana, moja zambarau ya kina na nyingine bado ina wekundu wa matofali. Kabla hujalipa, omba tone moja kwenye karatasi nyeupe. Likikauka likiwa na rangi ya matofali, bado ni changa. Si hasara: nenda nayo nyumbani, ihamishie kwenye mtungi mkubwa wenye nafasi ya hewa, uitikise kwa wiki kadhaa, itafika.

Ukiwa hapo hapo kagua pia kama haijaongezwa rangi ya viwandani. Kwenye tone la kwanza weka siki: linapaswa kuelekea wekundu. Kwenye tone la pili weka maji ya magadi: linapaswa kuelekea ubuluu. Halafu chovya uzi wa pamba na uzi wa sufu pamoja kwenye rangi ya moto, kisha uzioshe zote kwa sabuni. Orseini halisi hushika sufu na hariri, na huiacha pamba na ukungu tu wa waridi. Pamba ikitoka zambarau iliyokolea, kuna mtu ameongeza kitu. Chupa za kibanda hiki zilipita majaribio yote mawili.

Namna ya kuitumia: kwa gramu 100 za uzi, mimina nusu lita yote kwenye lita 3 za maji, tia uzi mbichi, na upandishe moto polepole hadi nyuzi 60 au 70 za selisiasi. Maelezo ya kifurushi yanasema "chemsha". Usichemshe. Maji yenye amonia yakichemka hukomaza sufu na kuifanya ngumu na yenye kukwaruza, na zambarau yenyewe hufifia kuwa chafuchafu. Shikilia joto hilo saa moja, zima, uache uzi humo usiku kucha. Shabu haihitajiki, rangi hii hujishika yenyewe. Maji yaliyobaki usiyamwage: uzi wa pili hutoka zambarau hafifu, na wa tatu rangi ya ua la mjakaranda. Ukitaka wekundu zaidi, suuza mwisho kwa maji yenye kijiko cha siki. Ukitaka ubuluu, tia chembe ya magadi, chembe kweli, kwa sababu pH ikipita 10 sufu huanza kuliwa.

Sasa lile neno "haichujuki". Kwa kuoshwa, orseini inavumilia vizuri. Kwa jua haivumilii. Kata kipande cha kadi, zungushia uzi, funika nusu kwa karatasi nene na ukiache dirishani linalopigwa na jua wiki mbili. Ukifunua utaona mpaka kati ya sehemu mbili kwa macho tu, bila kifaa. Muuzaji hana kosa kwa tabia ya rangi yenyewe, ambayo imejulikana kwa karne nyingi. Kosa ni kuiandika kwenye lebo kana kwamba haipo. Zambarau hii ni ya skafu ya jioni, bitana, au uzi wa kudarizi unaokaa kabatini. Usiifumie zulia la sebule yenye madirisha makubwa, wala sweta ya shule.

Pakiti ya kahawia (shilingi 500) ndiyo inayostahili neno "haichujuki", na ajabu ni kwamba ndiyo inayosifiwa kidogo zaidi kibandani. Ni laikeni pana za jamii ya Parmotrema, zile za majani ya kijivu yenye tumbo jeusi zinazoanguka pamoja na matawi makavu katika misitu ya nyanda za juu. Nyingi zina asidi ya salazini. Asidi hiyo ina kundi la aldehaidi linaloungana na protini ya sufu moja kwa moja, kwa hiyo hakuna shabu wala siki inayotakiwa. Wafumaji wa visiwa vya Hebrides, Uskoti, walipata kahawia ya vitambaa vyao vya sufu kwa laikeni za ukoo huohuo na kwa njia hiihii ya maji yanayochemka.

Panga kwenye sufuria tabaka la laikeni, tabaka la uzi, tabaka la laikeni, hadi juu. Jaza maji baridi. Pandisha moto taratibu kwa saa nzima hadi maji yaanze kutokota kidogo, usiruhusu yachemke kwa nguvu, na uyaache hapo saa 2 hadi 4. Zima moto, uache vipoe humohumo. Utapata kahawia yenye joto, kati ya dhahabu na kutu ya chuma, na harufu ya msitu baada ya mvua ambayo haitoki hata baada ya kuoshwa mara nyingi. Vipande vya laikeni vinavyonasa kwenye uzi ni kero. Subiri ukauke kabisa ndipo uukung'ute, ukivichomoa vikiwa vibichi vinasagika na kuzidi kuganda. Anayechukia kazi hiyo afunge laikeni kwenye kitambaa cha chandarua, ila rangi itakuwa hafifu kidogo.

Maelezo ya kifurushi yanasema gramu 100 zinatosha nusu kilo ya uzi. Hazitoshi. Kahawia ya kina inataka uzito sawa, gramu 100 za laikeni kwa gramu 100 za uzi. Ukiongeza uzi hadi gramu 200 utapata rangi ya mchanga. Ukitia nusu kilo utapata uzi mweupe uliochafuka.

Kuna jambo jingine kwenye pakiti hii ambalo muuzaji mwenyewe huenda halijui: mna laikeni mbili zinazofanana. Moja ina asidi ya salazini, ya kahawia. Nyingine ina asidi ya lekanoriki, ileile ya zambarau, nayo ikichemshwa kwenye maji matupu karibu haitoi kitu. Hapo ndipo tofauti za kahawia kutoka pakiti hadi pakiti zinapotoka. Kuzitenganisha ni rahisi. Kwangua ngozi ya juu ya jani kwa wembe mpaka uone nyama nyeupe ya ndani. Dondosha tone la Jik: ikiwa nyekundu papo hapo, hiyo ni ya lekanoriki, iweke pembeni kwa ajili ya mtungi wa amonia. Isipobadilika, kwangua sehemu nyingine na udondoshe maji ya kostiki, gramu 10 kwenye mililita 100 za maji: ikianza njano kisha ikageuka nyekundu ya damu, ni ya salazini, ipeleke kwenye sufuria. Unapochanganya kostiki, mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Na vipande vilivyoguswa na Jik vitupe, visiingie kwenye mtungi wa amonia. Jik na amonia zikikutana hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu, na jikoni dogo lisilo na dirisha si mahali pa kujifunzia hilo.

Unga wa uyoga wa mpira (shilingi 450) ni wa pili kwa ubora. Uyoga wenyewe ni wa jenasi ya Pisolithus, huota chini ya mikaratusi na misonobari kwenye udongo mkavu, nao ukipasuliwa kabla haujakomaa huonyesha vijumba vidogo vya njano na kahawia vilivyobanana kama mbegu za komamanga. Ukikomaa vijumba vyote hugeuka vumbi. Rangi zake ni za ukoo wa asidi ya pulvini, mojawapo ikiitwa norbadioni A, ambayo wanakemia huijua pia kwa tabia ya kushika seziamu, aina ya metali.

Tatizo ni kuulowesha. Vumbi lile huyakataa maji: unamimina, linaelea, unakoroga, linapanda ukingoni na kukaa hapo limekauka. Maelezo ya kifurushi hayagusii jambo hili. Tia unga kwenye kikombe, nyunyizia spiriti kidogo au maji ya moto yenye matone ya sabuni ya maji, ukoroge mpaka uwe uji mzito, ndipo uumimine kwenye sufuria. Funika pua na mdomo kabla ya kufungua pakiti, maana vumbi ni jepesi sana. Chemsha unga peke yake saa moja, chuja kwa kitambaa, halafu tia uzi uliokwisha kupitia kwenye shabu na uushikilie nyuzi 80 hadi 85 kwa saa moja. Gramu 50 zinatosha gramu 100 za uzi na hutoa kahawia ya dhahabu. Ukitaka nyeusi ya kaa, toa uzi, tia gramu 2 za sulfeti ya chuma kwa kila gramu 100 za uzi, koroga, rudisha uzi dakika 10 au 15. Usizidishe, chuma kikizidi, sufu hukatikakatika baada ya miezi. Kwenye kadi ya dirishani rangi hii ilibadilika kidogo sana.

Uyoga wa chungwa (shilingi 500) ndio unaouza kifurushi, maana picha yake iko mbele ya lebo, na ndio tunaokushauri uuache. Ni Pycnoporus, ule uyoga mgumu wa rangi ya chungwa kali unaoota kwenye magogo yaliyokufa karibu kila mahali penye joto na mvua. Rangi yake kuu ni sinabarini. Inang'aa kwenye uyoga lakini haipendi kuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki kwenye uyoga hata uchemshe mchana kutwa. Inayotoka huacha njano ya hudhurungi kwenye uzi wenye shabu. Zaidi ya hayo, nusu ya vipande vya pakiti vilikuwa vimepauka upande wa juu, dalili kwamba viliokotwa vikiwa vimezeeka juani. Kama umekwisha kuununua, usage unga laini kabisa kwenye blenda ambayo haitatumika tena kwa chakula, uchemshe saa 2, urudie na maji mapya, na uunganishe maji ya mara zote mbili. Utapata njano ya heshima, si zaidi.

Mnunuzi huja na matumaini ya nyekundu kwa sababu ameona mtandaoni sufu nyekundu iliyotiwa rangi ya uyoga. Nyekundu ile ipo kweli, lakini inatoka kwa uyoga mwingine kabisa, wa jenasi ya Cortinarius, unaoota na misonobari na miti ya baridi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Rangi zake, emodini na dermosibini, ni antrakwinoni, kundi lilelile la kemikali linalotoa nyekundu ya mizizi ya mmea wa madari (madder), nazo hushikana na shabu kwa nguvu. Tangu Miriam Rice wa California alipoanza kueneza upigaji rangi kwa uyoga katika miaka ya 1970, picha za Cortinarius ndizo zinazotangulia kila mahali. Matumaini ya picha hizo ndiyo yanayobandikwa kwenye bidhaa ya hapa.

Ndevu za miti (shilingi 250), zile nywele za kijanikijivu zinazoning'inia kwenye miti ya Mau na Timboroa, hutoa njano iliyofifia hadi rangi ya ngozi. Asidi ya usniki iliyomo, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1844, ni ya njano lakini nayo ni ngumu kuyeyuka kwenye maji. Kwa gramu 50 hakuna cha kujivunia. Maganda ya kitunguu kutoka sokoni Wakulima yatakupa njano iliyokolea zaidi na bure. Linalotusumbua zaidi ni kwamba pakiti hiyohiyo huuzwa pia kama majani ya chai ya kifua na ya kupunguza unene. Asidi ya usniki ikinywewa kwa wingi huumiza ini. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya dhidi ya vidonge vya kupunguza unene vyenye asidi hiyo baada ya watumiaji kupata madhara makubwa ya ini. Pakiti ya rangi ibaki kuwa ya rangi.

Shabu iliyomo ni safi, punje nyeupe zisizo na mchanga. Kipimo kilichoandikwa ndicho kibaya: "vijiko viwili vya mezani kwa kila fundo". Hiyo ni karibu gramu 30, na sufu iliyolishwa shabu kiasi hicho hunata vidoleni, na hunata hivyo milele. Gramu 10 hadi 12 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu zinatosha, pamoja na gramu 5 za krimu ya tatari ikiwa unaipata kwenye duka la vifaa vya keki. Yeyusha kwenye maji ya moto, tia uzi mbichi, pandisha joto hadi nyuzi 80 kwa dakika 40 hivi, shikilia saa moja, acha upoe. Kwa hesabu hiyo gramu 50 za shabu zinahudumia gramu 400 za uzi, zaidi ya rangi yote ya uyoga iliyomo. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, kijiko hakipimi.

Mrututu haukupaswa kuwekwa kabisa. Unaelekeza rangi kwenye ukijani kidogo, na gharama yake ni maji ya sumu yasiyo na pa kumwagwa. Shaba huua samaki na mwani hata ikiwa kidogo, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka: kinachoingia kupitia Njoro na mifereji ya mji kinabaki humo. Mrudishie muuzaji. Maji ya shabu yaliyotumika, yakishapoa, yanaweza kumwagwa kwenye udongo mbali na kisima na bustani ya mboga.

Kuhusu maji ya kutilia rangi, wa Nakuru wana tatizo ambalo wa Kisumu hawanalo. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi na bikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Yakichemshwa huwa makali zaidi, shabu huganda na kuwa tope jeupe badala ya kuingia kwenye uzi, na zambarau husukumwa kwenye ubuluu bila ridhaa yako. Tumia maji ya mvua. Ukikosa, tia siki kijiko kimoja kimoja mpaka karatasi ya pH ionyeshe 6 au 7, kisha ndipo utie shabu.

Wasukaji wa Kisumu wanaofanya kazi na magugumaji, na wanaosuka vyondo vya mkonge, wasinunue kifurushi hiki. Rangi hizi zinashikana na protini, yaani sufu na hariri. Magugumaji, mkonge na pamba ni selulosi. Unga wa Pisolithus unaweza kushika mkonge kwa kiasi, mradi mkonge uchemshwe kwanza kwenye magome ya muwati ili upate tanini, halafu shabu, halafu rangi. Chupa ya zambarau haitashika hata kwa njia hiyo.

Tulimuuliza muuzaji malighafi inaokotwaje. Anasema ni matawi yaliyoanguka tu, na laikeni za pakiti zilikuwa na vijiti vilivyooza, jambo linalomuunga mkono. Ni swali la kuuliza kila unaponunua. Jani la Parmotrema la upana wa kiganja limechukua miaka mingi kufika hapo, kwa hiyo mtu akibandua mti mmoja mzima ameondoa kazi ya miongo. Na kuokota chochote kwenye msitu wa serikali kunahitaji idhini ya Shirika la Huduma za Misitu chini ya sheria ya misitu ya 2016. Kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru usijaribu kabisa.

Kwa hiyo usinunue kifurushi kizima. Chukua chupa ya zambarau, pakiti ya kahawia mbili badala ya moja, unga wa uyoga wa mpira na shabu. Inafika shilingi 2,430, na utapata gramu 400 za uzi wenye rangi inayoonekana, pamoja na mafundo ya ziada ya zambarau hafifu kutoka maji yaliyobaki.

Anayeagiza akiwa mbali amwambie muuzaji asijaze chupa hadi juu na asikaze kifuniko kwa koleo. Gesi ya amonia hupanda joto likipanda, na chupa iliyokazwa ikikaa kwenye buti la matatu hadi Kisumu hufika imevimba. Ifungue nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni, chupa ikiwa ndani ya ndoo. Zambarau iliyomwagika kwenye saruji haitoki.